Wewe ni Nani Wake?

Mwezi uliopita alinijia mama mmoja, ameelekezwa na nesi wa kliniki ninayohudhuria. Nitamwita Mama Kadzo. Anakaa Likoni, anafanya kazi ya usafi katika ofisi moja huku kisiwani Mombasa, na mwanawe wa miaka kumi na tisa anakwenda India kupandikizwa uboho kama nilivyopandikizwa mimi. Atakayemtolea ni dada yake. Mama Kadzo alikuja na daftari na kalamu. Aliniuliza wachukue nini, nikamwambia: sufuria ndogo yenye kifuniko, leso za pamba kadiri mwezavyo, kipimajoto chenu wenyewe, sweta kwa kuwa vyumba vyao ni baridi, na majani ya chai ya kwetu kwa ajili yako wewe utakayeuguza. Aliandika yote kwa mwandiko wa taratibu, akanishukuru, akaondoka kuwahi feri.

Alipokwisha kwenda nilijiona mwongo. Niliyomwambia yanafaa kwa miezi mitatu au minne. Yaliyonitesa mimi yalikuja baada ya hapo, nilipokuwa nimerudi nyumbani, nywele zimeanza kuota, na kila mtu amekwisha kumshukuru Mungu. Hayo hakuna aliyenitajia, na mimi nami sikumtajia, kwa aibu. Basi nayaandika. Mimi si daktari na sitaeleza mambo ya madaktari. Nilikuwa mwalimu wa chekechea, na ukali wangu ulijulikana mtaa mzima kabla sijaugua, kwa hiyo msije mkausingizia ugonjwa kila kitu.

Nianze na watu. Mume wangu, Twahir, ni binamu yangu kwa pande zote mbili. Baba yake na baba yangu ni ndugu, na mama yake na mama yangu ni ndugu. Kwetu Kibokoni, Mji wa Kale, hilo si jambo la kumshangaza mtu. Mama yake nilimwita Mama Mkubwa tangu sijajua kutembea, na alipokuwa mkwe wangu jina halikubadilika. Mama yangu mzazi alikwisha kufariki, kwa hiyo Mama Mkubwa alikuwa mama mara mbili, na mara mbili alikuwa akinisema. Tunakaa nyumba moja naye: yeye chini, sisi juu, pamoja na binti yetu Saumu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka minane. Twahir ni karani katika ghala moja la Mbaraki, mtu wa maneno machache.

Ugonjwa ulianza kwa michubuko. Nilidhani watoto wananigonga kwa madawati yao madogo. Kisha fizi zikaanza kutoa damu darasani, nikawa nafundisha huku nimeziba mdomo kwa leso. Tulikaa kwenye mabenchi ya hospitali wiki mbili, tukajua saa ngapi kivuli cha mlango hufika mguu wa tatu wa benchi, mpaka tukaambiwa ni saratani ya damu. Jamaa, majirani na watu wa msikiti wakachangishana. Tukaenda Bombay.

Kaka yangu na dada yangu walipimwa kabla, na hakuna aliyelingana nami. Dada yangu aliomba radhi kana kwamba ameniibia kitu. Kule Bombay daktari alipoambiwa hivyo alimtazama Twahir, akauliza yeye ni nani wangu.

"Mume," alisema Twahir.

"Na kabla ya kuwa mume?"

"Binamu. Kwa baba na kwa mama."

Daktari akamtoa damu siku ile ile, na baada ya siku kadhaa akaja anacheka. Tulilingana. Tulipopiga simu nyumbani, Mama Mkubwa alisikiliza mpaka mwisho kisha akasema, "Mlipokuwa mwaoana mlisema nawashurutisha. Haya, semeni sasa."

Sitakaa sana kwenye siku za dawa. Nywele zilitoka, nyusi zikatoka, ngozi ya kinywa ikabanduka nikawa nameza mate kama nameza mchanga. Twahir alitobolewa mifupa ya nyonga, uboho ukaletwa katika mfuko mmoja mwekundu mzito, ukaingia mkononi mwangu tone kwa tone mchana kutwa. Alikuja kunitazama jioni ile anatembea miguu upande kama mtoto aliyetoka jandoni. Akautazama mfuko, akasema, "Pole pole na mali yangu." Tulicheka sana, nikatapika.

Naomba mkumbuke mambo mawili ya Bombay. La kwanza, Twahir ndiye aliyeniogesha. Mwili wangu ulikuwa kitu cha kukimbiwa, naye aliuosha wote, kila mahali, huku akinisimulia habari za ghala na makarani wenzake. La pili, pale mlangoni pa wodi kulikuwa na karani wa kuandika wageni, na kila asubuhi alimuuliza, "Wewe ni nani wake?" Twahir alijibu "Mume" kabla swali halijaisha.

Tulirudi Mombasa katikati ya kusi, hewa imepoa. Nilipanda ngazi za nyumba yetu kwa makalio, kidato kwa kidato, Twahir nyuma yangu. Nilipewa chumba cha juu peke yangu, maana mwili ulikuwa hauna kinga hata ya mafua. Hakuna kunishika. Hakuna matunda mabichi, hakuna maji yasiyochemshwa, hakuna wageni, na anayeingia azibe pua na mdomo. Twahir akahamishia godoro lake sebuleni chini, na Saumu akawa analala na bibi yake.

Hakuna wageni. Andika hilo kwenye karatasi uone lilivyo jepesi, kisha ulipeleke Mji wa Kale. Kwetu asiyekwenda kumtazama mgonjwa husemwa, na anayemzuia mtu kumtazama mgonjwa husemwa zaidi. Mama Mkubwa aliweka kigoda chake kwenye daka la mlango akakaa hapo kutwa kama askari. Wanawake waliokuja na mabakuli yao walibaki njiani wakanisalimu kwa sauti mpaka dirishani.

"Zuhura, hujambo? Waendeleaje?"

"Sijambo."

"Sema alhamdulillahi."

"Alhamdulillahi."

Nililisema neno hilo mara thelathini kwa siku. Mungu anisamehe, kila nilipolisema nilihisi natia sahihi karatasi ambayo sijaisoma. Niliokolewa, nalijua hilo. Nililijua kama ninavyojua kwamba mbili na mbili ni nne. Lakini ndani hapakuwa na furaha, hapakuwa na hofu, hapakuwa na kitu. Kisha wiki ya tatu au ya nne nikaanza kulia. Nililia nikiona kikombe. Nililia adhana ikiadhiniwa na nililia ikimalizika. Mama Mkubwa aliingia na uji, kitambaa kimemfunika uso mpaka chini ya macho, akasimama.

"Walia nini?"

"Sijui."

"Waumwa?"

"La."

"Basi walia nini?"

"Nimekwambia sijui," nikasema, nikaupiga ule uji kwa mkono. Ulikwenda ukutani. Mama Mkubwa ana miaka sitini na saba na magoti mabovu, na alipiga magoti akaufuta. Nilimtazama akifuta na sikumwambia samahani.

Siku nyingine Saumu alisahau. Alipata alama nzuri shuleni, akapanda ngazi mbio na karatasi mkononi, akanikumbatia kiunoni kabla sijamwona. Nilipiga ukelele wa mtu aliyeumwa na nyoka. Nilimsukuma. Mtoto akaiokota karatasi yake akashuka, na kwa muda mrefu baada ya hapo akawa ananisalimu kutoka mlangoni kama wale wanawake wa njiani. Katika yote niliyofanya, hilo ndilo linalonikera mpaka leo.

Mama Mkubwa akakata shauri kwamba nina pepo. Akaniletea kombe: aya zimeandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji na marashi, ninywe. Nikamwambia maji hayo hayakuchemshwa na yataniua. Macho yake yakajaa machozi juu ya kile kitambaa, akaishika sahani akaondoka. Kesho yake alirudi na sahani nyingine, na birika mkono wa pili linatoa mvuke.

"Nimemuuliza Maalim Shee," alisema. "Asema maji yakichemshwa dua haipungui kitu."

Nikanywa. Nilikunywa kwa sababu mwanamke wa umri ule alikuwa ametembea mpaka Makadara kwa magoti yale kuuliza swali la kuchekesha kwa ajili yangu. Kulia hakukukoma, lakini siku ile nilimwambia ahsante.

Mwezi wa tatu tangu kurudi, tukiwa kliniki, nilitolewa damu ya kawaida. Fundi wa maabara akaangalia kadi yangu ya zamani, akaangalia kipande chake cha kioo, akanitoa tena. Kadi ya zamani ilisema kundi langu ni A. Sasa nilikuwa O, kama Twahir. Daktari wetu, mama mmoja mpole asiye na haraka, alitueleza kwamba ndivyo inavyotakiwa, ni dalili nzuri. "Damu yako ya zamani imekwisha," alisema. "Iliyomo humo sasa ni ya mumeo yote." Akaniandikia kadi mpya. Akasema pia kwamba Saumu sasa anaweza kukaa nami, na Twahir anaweza kurudi chumbani, kwa uangalifu. Twahir aliichukua ile kadi mpya akaisoma mara nyingi, mbele na nyuma, na nyuma hapakuandikwa kitu.

Hakurudi chumbani. Wiki ya kwanza nilisema anaogopa kuniambukiza. Wiki ya tatu nilisema amechoka. Mwezi ulipokwisha sikuwa na la kusema. Kazi zote alizifanya: alichemsha maji, alinunua dawa, alinisindikiza kliniki. Lakini glasi aliniwekea dirishani badala ya kunipa mkononi. Nikivua leso ya kichwa, aligeuza uso. Aliyeniosha kwapa na mapaja kule Bombay sasa alipiga hodi kwenye chumba cha mkewe na kungoja.

Nami nilikuwa na kioo. Dawa zilinifurisha uso ukawa duara, ngozi ya shingo na mikono ikapiga mabaka meusi, nywele zikarudi kidogo kidogo za kipilipili mahali pa nywele zangu. Hedhi ilikatika kabisa, na joto la ghafla la wanawake wazee likanijia nina miaka thelathini na minne. Jasho langu lilikuwa na harufu ya dawa. Mama Mkubwa alipotaka kunifukizia udi nilimwambia la kuvunda halina ubani, naye akajua sikuwa namtania. Nikafunika kioo kwa leso. Nilijua kwa nini mume wangu hanisogelei. Nani asingejua?

Kisha ikaja mvua ya El Niño. Nyumba zetu za mawe hunywa maji, na mwaka ule zilikunywa mpaka zikalewa. Ukungu mweusi ukaota ukutani nyuma ya kitanda changu, na daktari alikuwa amenionya kwamba ukungu kwangu ni kifo. Kila Jumamosi Twahir alinitoa chumbani na kitanda changu, akafunga uso, akaukwangua ukuta wote akaupaka chokaa. Jumamosi ya pili ukungu umerudi, naye anakwangua tena. Nilikaa ukumbini nikisikiliza ile sauti ya kukwangua, nikisema moyoni, huyu anafanya haya yote ili asinitazame.

Na kule kliniki, karani wa mapokezi alipouliza, kama wanavyouliza siku zote, "Wewe ni nani wake?" Twahir alijibu, "Binamu yake."

Nilidhani sikusikia vizuri. Mara iliyofuata nikatega sikio. Binamu. Haikuwa uongo, ndiyo maana sikuweza hata kumgombeza. Nilikaa kwenye benchi nikalia mbele ya wagonjwa wengine, na nilipoulizwa na nesi nalia nini, nikasema sijui.

Ramadhani ikaingia mvua ikingali inanyesha. Sikuruhusiwa kufunga. Tangu nina miaka kumi sikuwahi kula mchana wa Ramadhani kwa ugonjwa, na sasa nilitafuna mkate peke yangu saa saba kama mwizi. Siku moja jioni, Twahir alipoleta futari juu na kuiweka dirishani kama kawaida yake, nilimwambia maneno ambayo mtu akiyasema hayazoleki. Nilimwambia, "Ungekaa na uboho wako ukaniacha nife. Mtu hatoi kitu kisha akasimbulia kwa kimya." Alisimama na sinia tupu. Kisha akateremka nalo.

Idd ilipopita, na kaskazi ikaanza kukausha kuta, nilitia nguo zangu katika begi lile lile la Bombay. Ilikuwa asubuhi, Saumu yuko shule. Mama Mkubwa alikuwa jikoni akisikia kila kitu na akijifanya kupepeta mchele. Twahir alikuwa amekaa kidato cha chini cha ngazi anavaa viatu aende kazini. Nilishuka mpaka kidato cha juu yake nikakaa na begi langu magotini.

"Niache," nilimwambia. "Nipe talaka yangu niende kwa kaka. Sikuombi kingine."

Alibaki na kiatu kimoja mkononi. Nilidhani atasema sawa. Kusema kweli nilikuwa nimejitayarisha kwa sawa.

"Nitakuachaje, Zuhura," alisema, "na sijui kama u mke wangu?"

Sikumwelewa. Nikamwambia aseme vizuri.

Akasema huku amekiinamia kile kiatu. Alisema, mtoto akinyonya kwa mama asiye wake, amekuwa ndugu na watoto wa mama yule, na hawaoani. Hilo kila mtoto wa chuo cha Qurani analijua. Mtaani kwetu kuna posa zilizovunjwa siku ya mwisho kwa sababu bibi fulani alikumbuka kwamba alimnyonyesha fulani. "Sasa weye," alisema, "huna tone la damu lisilotoka kwangu. Kadi yasema. Daktari kasema. Ikiwa maziwa yafanya watu kuwa ndugu, hii si zaidi ya maziwa? Nalikupa kitu kilicho ndani ya mfupa. Labda nimekufanya dadangu kwa mkono wangu mwenyewe."

"Tangu lini wafikiri haya?"

"Tangu ile kadi."

"Na hukuuliza."

"Nikiuliza nikaambiwa ni haramu, itanilazimu kukuacha siku hiyo hiyo. Nisipouliza, nakaa nawe. Nakuona. Nakupakia ukuta chokaa." Aligeuza kiatu mkononi. "Sikugusi mkono kwa sababu nikikugusa mkono nataka zaidi ya mkono."

Kimya kingi kina mshindo mkuu, wamesema wenyewe. Mngedhani nilimkumbatia. Sikumkumbatia. Nilishikwa na hasira ambayo sijapata kushikwa nayo kabla wala baada. Miezi mitano. Miezi mitano nilidhani nanuka. Nilifunika kioo. Nilimwomba Mungu anichukue ili mtu huyu apumzike. Na muda wote huo yeye alikuwa akinitaka, amekaa chini ya ngazi na swali lake kama mtu aliyekalia yai.

"Mama yako," nilimwambia, "aliuliza hata la maji ya kombe. Kwa magoti yale. Weye umeshindwa kuuliza la mkeo?"

Kule jikoni ungo ulinyamaza. Mama Mkubwa akatokea mlangoni, unga wa mchele mikononi. "Inuka," alimwambia mwanawe. "Vaa na hicho cha pili. Mwende."

Maalim Shee anakaa Makadara, chumba cha nyuma chenye mikeka na vitabu mpaka darini. Ni mzee mkavu, haonyeshi kama anakasirika au anafurahi. Twahir alimweleza yote, na nilimwona jasho linamshuka. Maalim alisikiliza mpaka mwisho.

"Mkeo alikuwa na umri gani alipopewa huo uboho?"

"Thelathini na minne, Maalim."

"Alikuwa hajaachishwa ziwa?"

Maalim akamweleza taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto herufi, kwamba undugu wa ziwa ni wa mtoto mchanga ambaye hajatimiza miaka miwili, na ni wa maziwa. Damu haifanyi undugu huo, wala uboho, wala figo. Ni dawa. "Mkeo ni mkeo," alisema. "Hakuacha kuwa mkeo hata nusu siku. Kuuliza si ujinga, Twahir. Ungalikuja siku ya kwanza ningalikwambia siku ya kwanza."

Twahir aliinama akafunika uso kwa mikono miwili. Maalim akanigeukia mimi.

"Na weye mwanangu, una lako?"

Sikuwa nimekusudia kusema. Nikamwambia nimerudishiwa uhai na nalia kila siku, na sijui nalia nini, na nikisema alhamdulillahi hainifiki ndani. Nikamuuliza kama hiyo ni kufuru.

Alifikiri. Kisha akasema, "Si kufuru. Lakini kwa nini walia, hilo sijui. Mwambie daktari kama ulivyonambia miye, nami nitakuombea." Hakuniambia niseme chochote. Alikuwa mtu wa kwanza, tangu nilipougua, aliyeniambia hajui, na nilitoka pale nimepata nafuu kidogo.

Ningependa kuishia hapo. Mama Kadzo naye angependa. Lakini naandika haya ili nisiwe mwongo tena. Twahir alirudisha godoro juu siku hiyo hiyo, na Mama Mkubwa akatandika shuka ya asumini kama tunaoana upya. Na hapakuwa na kitu. Aliponishika nilihisi mkono umewekwa juu ya mkono wa mtu mwingine. Mwili ulikuwa mkavu, unauma, nikamwomba aache, naye akaacha, tukalala kila mtu na upande wake kama masanduku mawili. Nilikuwa nimedhani kwamba halali ikirudi na mimi nitarudi. Hasira nayo haikwisha. Kwa wiki nyingi, akinipa glasi mkononi, niliikumbuka ile ya dirishani nikataka kuimwaga.

Nilimwambia daktari, kama nilivyoagizwa. Nilimwambia yote, la hedhi, la ukavu, la Saumu, la kulia. Hakushangaa. Alisema amewaona wengi, wanaume pia, wanaorudi kutoka mlangoni pa kifo wakawa hawajui wafanye nini na siku zao, na kwamba wengi hawasemi. Akanipa dawa ya hili na lile, akaniambia nije kila wiki mbili hata kama siumwi, nikae tu nizungumze. Baadhi ya siku nilikaa nikanyamaza nusu saa, akaandika kazi zake, nikaenda zangu. Hata hilo lilisaidia. Nafuu yangu imekuja hivyo, kwa vijiko. Saumu alianza kunikumbatia tena, lakini mpaka leo hutazama kwanza uso wangu.

Mama Kadzo, mwanao atamfokea dada yake. Atamchukia kwa wiki kadhaa kwa sababu ya ile zawadi, maana ni zawadi kubwa isiyolipika, na yule dada naye atakuwa na swali lake ambalo hathubutu kuliuliza. Sijui litakuwa swali gani. Kwenu si kwetu. Lakini litakuwepo. Msiache likae chini ya ngazi. Na ukimkuta mwanao analia, usimwambie ashukuru. Kaa.

La mwisho ni la masika ya mwaka ule, miezi miwili baada ya Makadara. Tulikwenda kliniki mvua inanyesha, Twahir ameshika mwavuli juu yangu na bega lake lote limelowa. Mapokezi palikuwa na karani mpya, kijana asiyetujua; yule wa zamani alikwisha kutuzoea, hakuwa akiuliza tena. Akafungua faili, akaandika jina langu, umri, kundi la damu. Nilisema O bila kuangalia kadi. Kisha akamwelekea Twahir bila kuinua kichwa.

"Wewe ni nani wake?"

Nilitazama sakafu. Hatukuwa tumewahi kulizungumza lile la binamu. Sikuwa nimemwambia kwamba nililisikia, wala mara ngapi.

"Mume wake," alisema Twahir.

Karani akaandika, akatuonyesha benchi. Tukakaa. Machozi yakaanza kunitoka kama ilivyokuwa ada yangu, mbele ya watu, na Twahir akakunja mwavuli, akaniinamia.

"Walia nini?"

Mara hii nilikuwa najua, nikamwambia.